Spika Tano Ndogo za Mzee Morris

Bwana Morris Mwandawiro, mkuu wa kitengo cha sauti katika duka letu la Kishamba Elektroniki, tawi la Voi, alistaafu rasmi Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na tisa. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu wake kwa lugha ya heshima, nisizidishe urefu, na nisisahau mafanikio. Nitajaribu. Mimi ni Mwanarusi wa kaunta ya malipo, na miaka mingi nimekaa mkabala na mlango wa chumba chake cha sauti. Aliyetaka wasifu mtamu angemwomba mtu aliyekaa mbali.

Mzee Morris alizaliwa Werugha, kule juu milimani, akasoma huko huko, kisha akashuka Mombasa kujifunza ufundi wa redio. Alipoajiriwa hapa mwaka 1996 tulikuwa tukiuza redio za kaseti, pasi na karabai. Kaseti zikaondoka, zikaja santuri za CD, zikaja deki za DVD, zikaja hizi televisheni bapa zinazotundikwa ukutani kama kalenda. Kila kitu kilibadilika dukani isipokuwa yeye na koti lake la kijivu. Na televisheni zilivyozidi kuwa nyembamba, ndivyo sauti zake zilivyozidi kuwa mbovu, watu wakaanza kutafuta risiva na spika za kuzunguka sebule. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Kwa asiyejua, risiva ni lile boksi linalopokea sauti ya televisheni, likaigawa na kuisukuma kwenye spika. Spika nazo huja kwa seti: nne ndogo za pembeni, moja ya katikati inayobeba maneno ya wasemaji, na wufa ya kunguruma. Mtu wa kawaida anaingia dukani, anaipenda risiva hii, anaipenda seti ile, analipa, anakwenda zake. Kwa Mzee Morris haikuwa hivyo. Kwake risiva na spika ni watu wawili wanaotaka kuoana, naye ni mjomba mgumu wa upande wa bibi harusi. “Hawa hawapatani,” atasema, na mteja ameshatoa pesa mfukoni, ananitazama mimi. Unataka spika kubwa? Ataiangalia risiva uliyoishika, akuambie haina nguvu za kuzisukuma, itapata moto ijizime. Unataka risiva kubwa? Atakuambia itaziunguza hizo spika ndogo siku ya harusi ya jirani. Halafu anaanza kukuhoji. Nyumba ina dari au ni mabati matupu? Mapazia mazito au mepesi? Kochi limeegemea ukuta? Ukibabaika, anafunga chumba chake na kwenda kuitazama sebule yako kwa macho yake.

Jaribio lake lilikuwa moja. Hakuwasha filamu ya mabomu kama wauzaji wengine wa mjini hapa. Aliweka taarifa ya habari, akateremsha sauti mpaka ukaanza kusikia feni ya dari, akamkalisha mteja kwenye kochi na kumuuliza: “Amesema nini?” Mteja akikosea, Mzee anabadilisha spika, anasogeza kochi, wanaanza upya. Treni ya mizigo ikipita, sote tunangoja ipite. Nimemwona mwalimu mkuu mzima akijibu maswali juu ya bei ya mahindi kama mtoto wa darasa la nne, foleni imefika mlangoni, nami nimeshika risiti ambayo haina mwenyewe.

Kisha kuna lile swali la risiva yenyewe. Ukiiwasha mara ya kwanza, inakuuliza kama spika zako ni ndogo au kubwa. Ukijibu ndogo, haikutukani. Inazipunguzia mzigo tu, sauti nzito yote inapelekwa kwa wufa, kila mmoja akafanya kazi anayoiweza. Lakini hakuna mwanamume kati ya Voi na Taveta aliyewahi kukubali mbele ya mkewe kwamba spika alizonunua ni ndogo. Wanabonyeza “kubwa.” Baada ya wiki spika zinakoroma, wanazirudisha, na meza inayopigwa ngumi ni yangu. Mzee anafunga safari mpaka Bomeni kule Taveta, anabonyeza “ndogo,” anakunywa chai ya wenyewe, anarudi. Siku nzima imekwisha.

Adui yake mwingine alikuwa kitambaa. Sisi watu wa huku kitu kikiwa cha thamani tunakivisha: kochi, meza, redio, hata king'amuzi. Risiva ikivishwa haipumui, inapata joto, inajizima, na kwa kawaida inachagua katikati ya mechi. Bi Ndunge wa Mwatate aliirudisha yake kwetu zaidi ya mara moja akidai ni mbovu. Aliileta imefunikwa kwa kitambaa kile kile cheupe cha kufumwa, na mkononi ameshika chombo cha maua ya plastiki, maana makao yake ni juu ya risiva. Mzee alimhubiria mpaka huruma ikanishika. Nilikuja kujua baadaye kwamba nusu ya vitambaa vile vimefumwa na Mama Loise, mke wa Mzee Morris, anayeviuza sokoni Wundanyi. Mume anavua, mke anavisha, na kaunti nzima wameizunguka hivyo.

Mafanikio, basi, kwa kuwa nimeagizwa. Seti aliyoichagua na kuifunga mwenyewe sikumbuki ikirudi. Mwenye hoteli mmoja wa njia ya kwenda mbugani, aliyekuja na pikapu kubeba spika kubwa kuliko zote na kuondoka amenuna na seti ndogo, amekuja tena kununua nyingine kwa ajili ya nyumba yake. Na msikitini kwetu, ambako miaka yote sisi wanawake wa ghorofani tulikuwa tukisikia mvumo tu wa hotuba, Mzee Morris, mtu wa kwaya ya kanisa, alikuja kuzipanga spika upya bila kutaka hata soda. Alipomaliza alisimama chini, akauliza kupitia pazia, “Amesema nini?” Tulimjibu neno kwa neno. Siku ile nilimsamehe mengi, ingawa Jumatatu aliniudhi tena.

Sasa nifike kwenye zawadi, maana najua ndiyo mnayoingojea, mliokuwepo na mliosimuliwa vibaya.

Mzee Morris hakuwa na seti nyumbani. Miaka yote hiyo televisheni yake ya Werugha, alikopanda kila Jumamosi baada ya kulala Voi juma zima, ilikuwa ikisemea kwenye spika zake yenyewe, nyembamba kama biskuti. Ukimuuliza, anasema hajaiona inayofaa. Kwa hiyo wafanyakazi tukachanga, nami nikapewa kazi ya kuchagua risiva na seti ndogo itakayopatana nayo, tumshtukize siku ya kuagwa. Mimi, ambaye rimoti ya nyumbani kwangu huniwashia mtoto wa dada. Mwenye ujuzi huo dukani ni mmoja tu, naye ndiye tuliyekuwa tukimficha.

Nikabuni mteja. Nikamwambia kuna familia moja Mwatate inataka seti, na sebule nikamweleza ile ile ya kwake, niliyoiona siku ya maombi ya marehemu baba yake: mabati, dari imefika nusu, dirisha moja kubwa, makochi yameegemea ukuta. Sebule kama za watu wote. Nilidhani nitajibiwa mara moja.

“Nani atasikiliza?” akauliza.

“Familia, Mzee.”

“Familia haina masikio, Mwanarusi. Mtu gani?”

Nikasema kuna mama wa makamo. Anasikia vizuri? Sijui. Anakaa upande gani? Sijui. Akaniambia namletea mteja nisiyemjua, akarudi kwenye waya zake.

Ikabidi nipande Werugha, siku ya katikati ya juma, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na mimi na viatu vyangu vya mjini. Nilikuta televisheni ya kina Mzee imewashwa, wajukuu na mama yao wanacheka sebuleni. Mama Loise hakuwa nao. Alikuwa kwenye kigoda koridoni, karibu na jiko, amewapa mgongo, anafuma kitambaa. Nilibisha hodi mara mbili, hakugeuka. Nilipomgusa bega alifurahi sana, akaniwekea chai, nami nikamuuliza mbona amejitenga. Alinitazama kidogo, kisha akaniambia, nadhani kwa sababu mimi si wa nyumba ile.

“Sikio ya kulia imeisha, mwanangu. Ya kushoto iko, lakini inataka mtu aseme polepole. Hao wakicheka, mimi nauliza, amesema nini? Wananirudilia. Nauliza tena. Mpaka unaona watu wamechoka. Nikaonelea nikae huku na uzi yangu.”

Nikamuuliza kama Mzee anajua. Akacheka.

“Yeye anakuja Jumamosi. Jumamosi nakaa na yeye pale pale, akicheka nacheka. Sasa anakuja kukaa siku zote. Nitacheka mpaka lini?”

Akaniapisha nisimwambie. Alikuwa anaogopa, na aliniambia hivyo hivyo, kwamba mumewe akijua atamwonea huruma, na huruma ya kila siku ndani ya nyumba moja hataiweza. Niliteremka mlima nikiwa na hasira, na sikujua hasira ni ya nani. Huyu ni mtu anayesikia waya uliolegea angali ng'ambo ya barabara. Jumamosi zote hizo hakusikia kwamba mkewe anacheka baada yake.

Kesho yake nikamwambia: yule mama wa Mwatate, sikio lake zima ni la kushoto, na hakai sebuleni. Anakaa koridoni kwa kuwa amechoka kuuliza amesema nini.

Mzee Morris aliweka bisibisi chini. “Wamemwacha mama koridoni?” akasema. “Ni watu gani hao?”

Ndipo akanichagulia, na sijawahi kumwona akichagua vile. Risiva ya wastani, isiyo na makuu, lakini ile inayokuruhusu kuipandisha spika ya katikati peke yake, maana ndiyo inayobeba maneno. Seti ya spika tano ndogo na wufa yake, ambazo risiva ile inazimudu bila kupata moto. Spika ya katikati isiwekwe chini ya meza, iinuliwe mpaka usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Kiti cha mama kiwe upande wa kulia wa sebule, sikio la kushoto lielekee katikati. Alizijaribu chumbani mwake alasiri nzima, ameziba sikio la kulia kwa kidole, kwa ajili ya mama asiyemjua. Kisha akazifunga kwa utepe wa gundi, akaniambia mtu yeyote asiziguse.

Meneja wetu, Bwana Makau, ni mtu mwema, na ruhusa zangu za likizo zinapita kwake. Lakini alipoziona zile boksi asubuhi ya sherehe alishtuka. Zilikuwa ndogo. Nanyi mnajua mila zetu: zawadi ya kuaga lazima ionekane. Lazima ibebwe na watu wanne, wanawake wapige vigelegele, na kwenye picha isifichwe na keki. “Miaka ishirini na tisa, halafu tumpe kitu inaingia kwa kiondo?” alisema. Nilipokwenda kuswali Ijumaa, akaamuru zile tano zirudishwe rafuni, zikaletwa spika mbili za kusimama zinazomfika mtu kifuani. Risiva akaiacha ile ile, kwa sababu kwake risiva ni risiva. Niliporudi kwenye ukumbi wa nyuma ya duka, utepe mwekundu ulikuwa umeshafungwa na mchungaji anafungua kwa sala.

Mama Loise aliketi meza kuu, nguo yake nzuri ya kanisani, sikio la kulia limeelekea wasemaji. Watu walipotabasamu, alitabasamu. Walipopiga makofi, alipiga. Nilikuwa nikimtazama yeye tu.

Zawadi ikaingia, imebebwa na watu wanne. Vigelegele. Mzee akapewa maikrofoni atoe shukrani. Mtu mwingine angesema asanteni, akaketi. Yeye aliizunguka zawadi yake mwenyewe, akainama, akasoma maandishi ya nyuma ya risiva, akasoma ya nyuma ya spika, akainuka.

“Hawa hawapatani,” akasema, na sauti ikatoka mpaka stendi.

Mchungaji alifumba macho. Bwana Makau, meno yote nje, akapaza sauti kwamba zawadi ni zawadi, Mzee, hizo ni za sebule yako! Mzee alikuwa anaitazama risiva.

“Hii nilimchagulia yule mama wa Mwatate,” akasema polepole.

Nilimwona anapita kwenye ile sebule kichwani mwake: mabati, dari iliyofika nusu, dirisha moja kubwa. Akageuka kuitazama meza kuu. Wote tukageuka naye, na Mama Loise alipoona anatazamwa na ukumbi mzima alidhani pamesemwa mzaha, akacheka.

“Mwanarusi.” Alikuwa ameteremsha maikrofoni. “Yule mama wa koridoni ni huyu?”

Niliapa kutosema, na sikusema. Niliinamisha kichwa tu.

Alikwenda kwa mkewe, akazunguka meza yote ili amfikie upande wa kushoto, akainama, akamwambia maneno ambayo hatukuyasikia. Jibu tulilisikia sote, maana asiyesikia vizuri hajui sauti yake imefika wapi.

“Tangu Wakio aolewe!”

Wakio ni binti yao wa kwanza. Watoto wake wanasoma sekondari.

Mzee Morris aliweka mkono begani kwa mkewe. Kisha akaiacha sherehe yake mwenyewe. Akaingia dukani, akatoka na boksi ndogo ndogo kwapani na moja kichwani, wufa ikimgonga goti, akaziweka mbele ya Mama Loise juu ya meza kuu, kando ya keki. Hakuna aliyepiga kigelegele. Bwana Makau alipigwa picha peke yake na spika ndefu, na mtakaoiona picha hiyo ubaoni sasa mnajua sababu.

Tulipanda Werugha Jumamosi yake, na kwa haki ya Mungu, aliyetubeba kwa gari lake alikuwa Makau. Mzee alifunga waya. Kulikuwa na ubishi mmoja tu: Mama Loise alikuwa ameshaifumia risiva kitambaa. Walivutana kidogo, na mwishowe kikaruhusiwa kukaa chini yake, si juu. Risiva ilipouliza, Mzee alibonyeza “ndogo” mbele ya wote. Akamtoa mkewe kigodani, akamkalisha upande wa kulia, akawanyamazisha wajukuu, akaweka taarifa ya habari. Akateremsha sauti. Sikuwa na hakika kama mimi mwenyewe nasikia.

Akapiga goti karibu na kiti, upande wa kushoto.

“Amesema nini?” akauliza.

Mama Loise hakumtazama. Alikuwa anaitazama televisheni.

“Amesema mvua jioni,” akasema. “Kaanueni nguo zangu. Na mpunguze hiyo kitu. Kwani hapa nani ni kiziwi?”

Hakuna aliyekwenda kuanua nguo. Mzee alikuwa analia, Makau alikuwa anajifanya anafunga kamba za viatu, na mimi nilimpunguzia, kwa vile nilijua wapi pa kubonyeza kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mvua ilikuja kweli, nguo zikaloa zote, na Mama Loise alitugombeza mpaka tulipofika garini.

Mzee Morris, kwa niaba ya tawi la Voi na wote uliowakatalia kununua walichokitaka, ahsante. Chumba chako cha sauti kina kufuli mpya, na kila anayekikaribia anaulizwa maswali nami. Jumatatu ulipiga simu kuuliza kama tumezipunguza spika za mlangoni. Tumezipunguza, Mzee, pumzika. Tunakuombea afya, maharagwe mengi shambani, na jioni ndefu karibu na kiti cha upande wa kulia. Na siku yoyote utakapokiona hakina mtu, usiguse rimoti. Inuka, uende koridoni, ukamwite.